Mashine mpya kwenye boti ya zamani: kimo kwanza, propela baadaye

Boti inapovuliwa mashine ya zamani na kufungwa mpya, mwili wake hubaki uleule, lakini uzito uliokaa tezi, uwiano wa gia na mizunguko inayoruhusiwa huwa vimebadilika. Propela ya zamani, hata ikiwa nzima na meno yake yanaingia kwenye shafti mpya, ilichaguliwa kwa ajili ya mashine ambayo haipo tena. Kuihamisha bila kupima ndiyo sababu kubwa ya boti zenye mashine mpya kwenda polepole na kula mafuta. Kazi yenyewe ina utaratibu wake: kimo cha mashine hurekebishwa kwanza, propela huchaguliwa baadaye, kwa kuwa kimo kikibadilika vipimo vyote vya propela hubadilika pia.

Miguu ya mashine hutengenezwa kwa urefu unaokaribia inchi 15, 20 au 25, nao unatakiwa ulingane na kimo cha ubao wa tezi. Kulingana huko hakutoshi. Mashine ikiwa imesimama wima, ubao ulionyooka hushikizwa chini ya mkuku na kutokeza nyuma mpaka kwenye mguu. Bamba pana lililo juu ya propela linapaswa kuwa sawa na ubao huo, au chini yake kwa milimita zisizozidi 25. Bamba likizama zaidi, mguu mwingi huburuzwa majini, maji hurukia ndani na mwendo hupungua. Likipanda mno, propela huvuta hewa kutoka juu ya maji: mashine hunguruma ghafla huku boti ikipoteza nguvu, hasa kwenye kona na mawimbi yanapotoka nyuma. Matundu yanayoingiza maji ya kupoza nayo huanza kuvuta hewa, na hapo mashine inaweza kuungua.

Boti za mbao zina tatizo lao. Mkuku mnene unaofika hadi tezi na kukatika ghafla huchafua maji mbele ya propela na kuyachanganya na hewa. Fundi anaweza kuhangaika na propela tatu tofauti wakati dawa ni kuuchonga mkuku huo uwe mwembamba na kuinuka taratibu kabla ya kufika nyuma. Pale mashine inapokaa kwenye mkono wa chuma uliotokeza nyuma ya boti, hali ni kinyume. Maji yanayotoka chini ya boti huinuka yakiwa mbali na tezi, kwa hiyo mashine inaweza kupandishwa kama inchi 1 kwa kila inchi 8 hadi 12 za umbali huo.

Mashine kubwa na za kati huwa na safu ya matundu ya bolti yanayopishana kwa milimita 19. Busara ni kuanza na tundu la katikati, ili ibaki nafasi ya kupanda na kushuka baada ya majaribio. Mashine ndogo inayobanwa kwa skrubu huinuliwa kwa kipande cha mbao ngumu. Matundu ya zamani yasiyotumika lazima yazibwe kwa epoksi kabla ya boti kushushwa, kwani maji yanayopenya humo huozesha mbao zilizofichwa ndani ya faiba.

Kimo kikishakaa sawa, propela hupimwa kwa kipima mizunguko, boti ikiwa na mzigo wake wa kawaida: abiria, mafuta, barafu na nyavu. Jaribio la boti tupu hudanganya. Ikiwa kitabu cha mashine kinataka mizunguko 5,000 hadi 6,000 kwa dakika kwenye moto wote, boti iliyopakia inapaswa kufika angalau 5,300 hivi. Isipofika, mashine inalemewa, joto hupanda na masizi hujaa kwenye pistoni. Ikipita 6,000, propela ni nyepesi mno.

Kinachosahihishwa ni pichi, yaani umbali ambao propela ingesonga kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inajipenyeza kwenye kitu kigumu. Propela ya pichi 13 ingesonga inchi 13, karibu sentimita 33. Kupunguza inchi 1 ya pichi huongeza mizunguko kati ya 150 na 200 hivi.

Hesabu ya kuanzia ni rahisi: mizunguko ya mashine huzidishwa kwa pichi, kisha hugawanywa kwa uwiano wa gia na kwa 1,215. Jibu ni mwendo wa nadharia kwa noti. Chukua boti ya faiba iliyokuwa na mashine ya HP 40, gia 2.00, propela ya pichi 13, mizunguko 5,000. Nadharia inatoa noti 26.7. GPS ikisoma 21.5, propela inateleza kwa karibu asilimia 20, kiasi cha kawaida kwa boti ya kazi. Sasa inafungwa mashine ya HP 60 yenye gia 2.33, ikitarajiwa kwenda noti 25 kwa mizunguko 5,500. Kwa mtelezo wa asilimia 18, nadharia inahitaji noti 30.5, na hesabu ikigeuzwa inatoa pichi 15.7. Ya kujaribu kwanza ni 15. Propela ya zamani ya 13 ingeiacha mashine mpya ikizunguka kupita kiasi.

Mwinuko wa maji juu ya usawa wa bahari husahaulika mara nyingi, na haustahili. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya bahari. Hewa huko ni nyepesi kwa takriban asilimia 10, na mashine isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Propela iliyokaa sawa Tanga au Lamu huilemea mashine ileile ikipelekwa Mwanza au Kisumu. Pichi hupunguzwa kwa inchi 1, pengine 2. Ziwa Kivu, lililo karibu mita 1,460, linadai zaidi.

Kuhusu makali, matatu yanatosha kwa boti nyingi. Manne hushika maji vizuri zaidi kwenye mzigo mzito na bahari chafu, lakini hupunguza mizunguko kidogo, kwa hiyo pichi hushushwa. Chuma cha pua hakipindi haraka na huongeza mwendo, ila kikigonga mwamba pigo hupelekwa kwenye gia, ambako hasara ni kubwa kuliko bei ya propela. Kwenye pwani ya matumbawe alumini ni chaguo la heshima, pamoja na nyingine ya akiba ndani ya boti.

Propela mpya ikishafungwa, kimo hukaguliwa tena kwa mwendo kasi na kwenye kona kali pande zote mbili. Kipenyo kikubwa huweka ncha za makali karibu zaidi na bamba na uso wa maji. Ikianza kuvuta hewa, mashine hushushwa tundu moja na mizunguko kupimwa upya.