Mpe Chui Kiu Kwanza

Hadithi fupi ya Ernest Hemingway, The Snows of Kilimanjaro, inaanza na mzoga. Karibu na kilele cha magharibi cha mlima kuna chui aliyekauka kwa baridi, na msimulizi anatuambia hakuna aliyewahi kueleza alikuwa anatafuta nini kule juu. Basi. Chui anaachwa hapo, tunahamia kwa Harry, mwandishi Mzungu ambaye mguu wake umeoza baada ya kuchomwa na mwiba, na sasa anakufa mbugani akijutia vitabu alivyoahirisha kuandika.

Tangu hadithi hiyo itoke katika jarida la Esquire, Agosti 1936, wahakiki wamemgeuza yule chui kila kitu: usanii, kifo, tamaa ya kufika juu, kipaji ambacho Harry alikiuza. Mimi pia nilisomeshwa hivyo kabla sijaacha chuo. Chui anawakilisha nini? Hakuna aliyeuliza chui alikuwa anakula nini huko kwenye barafu.

Wacha niulize swali hilo la kijinga, kwa sababu chui huyo alikuwepo kweli. Mwaka 1926 mchungaji wa Kilutheri, Richard Reusch, alimkuta ameganda karibu na ukingo wa shimo la volkeno la Kibo. Mnyama wa nyama na manyoya. Hemingway alimchukua akamfanya fumbo, na sina neno, hiyo ni haki ya mwandishi. Ukisoma leo bado unasisimka. Lakini fumbo lile linasimama juu ya imani moja: kwamba mlima wenyewe haubadiliki. Theluji ni safi, ni ya milele, inangoja mtu afe ndipo aifikie ndotoni.

Sasa kati ya 1912 na 2007, Kibo ilipoteza takriban asilimia 85 ya eneo la barafu yake. Kitu kilichokuwa mfano wa umilele kinaisha kabla ya hadithi yenyewe kuisha kusomwa.

Utaniuliza, na wewe uko Malindi, yakuhusu nini? Kwanza, Hemingway mwenyewe aliteremka hapa kuvua samaki mwaka 1934, baada ya safari yake ya uwindaji, na Watamu kuna hoteli yenye jina lake mpaka leo. Pili, maji. Sabaki, unaoingia baharini kaskazini mwa mji wetu, huko juu unaitwa Galana, na Galana ni Athi na Tsavo zilizokutana. Mto Tsavo nao unapata maji upande wa Kilimanjaro na vilima vya Chyulu. Maji ya Baricho tunayoyangoja kwenye mfereji Malindi na Kilifi yanatoka kando ya mto huo huo. Yaani ule mlima si pambo la kalenda kwetu.

Na hapa ndipo kichwa cha hadithi kinatupoteza. Maji ya mlima kwa sehemu kubwa hayatoki kwenye theluji. Yanatoka msituni, kule mvua na ukungu vinakonaswa na miti. Ukame ukizidi, moto unapanda. Oktoba 2020 dunia nzima iliona Kilimanjaro ikiungua. Tunalilia kofia nyeupe huku koti ndilo linaloshika moto.

Wanyama wako wapi katika hadithi? Fisi analia usiku, ndege wala mizoga wanangoja karibu na hema. Wote wamekuja kwa ajili ya Harry. Hata Molo, mtumishi Mwafrika, kazi yake kubwa ni kuleta pombe. Mbuga nzima imeajiriwa kumsindikiza mtu mmoja. Novemba 2022 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba ndani ya miezi tisa ukame ulikuwa umeua tembo 205, nyumbu 512 na pundamilia wa kawaida 381. Amboseli, chini ya mlima ule ule, na Tsavo zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Wale hawakuwa ishara ya roho ya mtu. Walikosa majani na maji.

Swali la chui nalo limepata jibu, ila kwa viumbe wengine. Milima ya Usambara, Tanzania, watafiti walilinganisha mahali ndege walipoishi karibu na 1980 na walipokuwa 2019. Wengi wamepanda juu, na eneo lao limepungua. Wanatafuta ubaridi. Safu hiyo hiyo ya milima inaishia kwetu, Taita, ambako kuna kadege, apalisi wa Taita, asiyepatikana kwingine duniani, tena yuko ukingoni kabisa mwa kutoweka. Kilele cha juu kabisa, Vuria, ni mita 2,208. Ukifika hapo umefika.

Si ati Wazungu pekee ndio huwatumia wanyama. Sisi pia fisi wetu ni mlafi, sungura wetu mjanja, na sote tunajua ni binadamu wanaosemwa. Lakini kumbuka ile ngano ya kisima. Mvua imekatika, wanyama wanakubaliana kuchimba, sungura anakataa, kisha usiku anaiba maji ya wenzake. Pale mnyama ni mfano na bado ana koo kavu. Ukame ndio unaoanzisha kisa, na swali si mnyama anamaanisha nini. Swali ni nani alichimba na nani anakunywa bure.

Kwangu mimi, hiyo ngano imeuona wakati wetu vizuri kuliko Hemingway. Kwa hivyo wewe unayeandika, ukimleta chui kwenye hadithi yako, mpe kiu kwanza. Maana atajipa mwenyewe.