Jinsi Martín Alivyotwaa Taji kwa Ushindi Mara 3

Katika msimu wa 2024 wa mbio za pikipiki za MotoGP, Francesco Bagnaia alishinda mbio 11 za Jumapili. Jorge Martín alishinda 3. Wote wawili walipanda Ducati ya mwaka ule ule, Bagnaia akiwa timu ya kiwanda na Martín akiwa Pramac, timu ya kujitegemea. Msimu ulipofungwa Barcelona tarehe 17 Novemba, Martín alikuwa na pointi 508, Bagnaia 498. Kwa shabiki wa Kakamega, habari ya taji kuponyoka kwa unywele si ngeni: msimu wa 2021/22 Kakamega Homeboyz walimaliza ligi kuu ya soka ya Kenya wakiwa sawa kwa pointi na Tusker, kombe likaenda kwa Tusker kwa tofauti ya mabao. Lakini pengo la ushindi 11 kwa 3 ni jambo jingine kabisa, na linadai maelezo. Maelezo yanayotolewa na wengi ni neno moja tu, sprinti. Ninaamini wanaosema hivyo wameishia nusu ya njia.

Hoja yao haina upuuzi wowote. Tangu 2023 kila wikendi ina mbio mbili. Sprinti ya Jumamosi ni takriban nusu ya umbali wa Jumapili, pikipiki inabeba lita 12 za petroli badala ya 22, na mshindi hupata pointi 12, wa pili 9, wa tatu 7, hadi wa tisa anayeambulia 1. Jumapili mshindi huchukua 25, wa pili 20, wa tatu 16. Sasa, nguvu ya Bagnaia iko katika mizunguko ya mwisho, tairi la nyuma likiwa limelika na wengine wameanza kuteleza, yeye bado anakawia kushika breki na kuingia kona bila kuyumba. Sprinti inaisha kabla silaha hiyo haijafanya kazi. Martín ni mtu wa kufyatuka mstarini na kukimbia kwa kasi ya juu tangu kona ya kwanza. Ukifuta sprinti zote, Bagnaia anabaki na 370 na Martín 337, na bingwa anabadilika. Hesabu hiyo ni sahihi.

Ila tazama ndani yake. Kila mmoja wao alishinda sprinti 7. Pointi 84 kwa 84. Kama Jumamosi ingekuwa mchezo wa Martín kwa sababu ya kasi, hapo ndipo pengo lingeonekana, na halipo. Pengo lilitokea katika sprinti 13 ambazo kila mmoja hakushinda: humo Martín aliokota pointi 87, Bagnaia 44. Tofauti ni 43, na ndizo zilizofuta uongozi wa 33 alioujenga Bagnaia Jumapili na kubakisha 10. Jumapili nako mtindo ni ule ule. Mbio 9 ambazo Bagnaia hakushinda zilimpa pointi 95, wastani unaozidi 10 kidogo tu; mbio 17 ambazo Martín hakushinda zilimpa 262, wastani unaozidi 15. Taji hili lilitengenezwa siku mbaya. Siku ambayo pikipiki au mwenyewe hakuwa na uwezo wa kushinda, Martín alirudi na kitu mkononi, mara 10 akiwa wa pili.

Bagnaia alitoka mikono mitupu mara 8: sprinti za Jerez, Le Mans, Catalunya, Silverstone na Sepang, na Jumapili za Portimão, Aragón na ile ya pili ya Misano. Martín mara 4. Catalunya ndiyo inayouma kuliko zote. Bagnaia alikuwa anaongoza sprinti katika mzunguko wa mwisho alipoanguka peke yake. Angefika, angepata 12, Martín angeshuka kutoka nafasi ya nne hadi ya tano, na msimu ungeisha 510 kwa 507 upande wa Bagnaia, bila kubadilisha kitu kingine chochote.

Atakayemtetea Bagnaia atasema kwamba baadhi ya ajali hizo alisababishiwa. Ni kweli kwamba Portimão aligongana na Marc Márquez, na Aragón na mdogo wake Márquez, Álex. Ukitoa matukio ya namna hiyo, bado Catalunya, Silverstone, Misano na Sepang zinabaki, na huko aliteleza mwenyewe. Hata migongano nayo haitoki hewani. Portimão alikuwa anagombea nafasi ya tano, Aragón ya tatu, na kila nafasi ya kati ina watu wengi wanaotaka kona moja. Na bahati mbaya haikumsahau Martín: Misano ya kwanza aliingia kubadilisha pikipiki kwa ajili ya mvua iliyokatika, akamaliza wa 15 na pointi moja.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba Martín hakuwa mtu wa tahadhari. Jerez alianguka akiongoza. Ujerumani alianguka akiongoza, imebaki mizunguko miwili. Baada ya Ujerumani, raundi ya 9 kati ya 20, Bagnaia ndiye aliyekuwa mbele, 222 kwa 212. Hapa ndipo ninapoona kazi kubwa ya msimu mzima. Katika raundi 11 zilizofuata Martín hakukosa pointi Jumapili hata moja: ushindi mmoja, nafasi ya pili mara 8, ya tatu mara moja, na ile ya 15. Kasi haikupungua, kwani sprinti aliendelea kushinda. Kilichobadilika ni uamuzi wa lini aache kufukuza. Sepang alipambana na Bagnaia mizunguko ya mwanzo kwa ukali ambao ungeweza kumwangusha yeyote, kisha akakubali nafasi ya pili. Barcelona, siku ya mwisho, alikaa wa tatu huku Bagnaia akishinda mbele yake.

Wapo wanaoona mfumo wa pointi ndio wenye makosa, kwamba mshindi wa mbio 11 hapaswi kushindwa. Siwaungi mkono, na ushahidi wangu ni 2023. Mwaka huo Martín alishinda sprinti 9 na Bagnaia 4, mfumo ukiwa huu huu, na Bagnaia akawa bingwa kwa 467 dhidi ya 428. Mfumo ulimlipa aliyemaliza mbio vizuri zaidi mwaka wa kwanza, ukamlipa tena mwaka wa pili, na mara hii alikuwa mtu mwingine. Bagnaia alikuwa mshindi bora wa mbio mwaka 2024, na hilo nalisema bila kusita. Bingwa bora alikuwa Martín, wa kwanza kutoka timu isiyo ya kiwanda tangu Valentino Rossi mwaka 2001.