Pongezi kwa Wahifadhi wa Mabawa ya Marubani
Wahifadhi wa metali, yaani mafundi wanaotunza vitu vya kale bila kuharibu asili yake, wanastahili pongezi kwa namna wanavyoziokoa beji za mabawa za marubani wa kijeshi wa Marekani wa Vita vya Pili vya Dunia, ambazo nyingi zilitengenezwa kwa fedha ya stalingi, mchanganyiko wenye fedha asilimia 92.5. Weusi unaozifunika ni salfaidi ya fedha, tabaka linalotokana na salfa iliyomo hewani, na kila linaposuguliwa huondoka na sehemu ya fedha yenyewe. Kwa hiyo mafundi hao husafisha kwa kiasi, kisha huifunga beji katika karatasi isiyo na asidi, mbali na sufu na mpira. Mjukuu aliyerithi beji ya babu yake na awaone kwanza wao, kabla ya kununua dawa ya kung'arisha.