Uganga wa Kijana na Neno la Kinjeketile

Msomaji wa pwani anajua kwamba mganga si mchawi. Lugha yenyewe imekwisha kuwatenga. Lililo gumu ni kumpambanua mganga wa kweli na wa uongo, hasa akiwa kijana. Kwa wengi, mvi ni ushahidi, na kijana mwenye tunguri huitwa tapeli kabla hajafumbua kinywa. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 iliongeza kipimo cha pili, nacho ni usajili. Vyote viwili humpima mtu. Havipimi neno lake.

Ebrahim Hussein alilipima neno. Tamthilia yake, Kinjeketile, ilichapishwa 1969, naye hajatimiza miaka thelathini, na alitahadharisha kuwa mhusika wake ni zao la ubunifu, si yule wa historia. Mganga huyo hutoka mtoni na ahadi ya maji, kisha huanza kuishuku. Katika shaka hiyo ndimo ulimo ukweli wake, kwani tapeli hulinda biashara yake, hajihoji. Msiba ni kwamba watu waliitaka ahadi kuliko walivyomtaka mwenye kuifikiri.

Hata hivyo, tamthilia inabaki Rufiji. Kinjeketile Ngwale alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Septemba ya mwaka huo Wabena waliishambulia misheni ya Yakobi, karibu na Njombe. Vita vya maji vilifika nyanda za juu ilhali mwenye neno yu kaburini, hayupo tena wa kuulizwa. Sauti ya waliolipokea neno mbali na mto wake haisikiki jukwaani, na huo ndio upungufu wa kazi hii kubwa.

Upungufu huo unauma zaidi leo. Mwanzoni mwa 2019 watoto kadhaa waliuawa mkoani Njombe, na mauaji hayo yakahusishwa na imani za kishirikina. Hofu ikatanda hadi Makambako, penye makutano ya barabara kuu na reli ya TAZARA. Mbele ya makaburi hayo, kuuliza kama mganga ni mzee au kijana, ana cheti au hana, ni kuuliza dogo. Kubwa ni nani atakayelijibia neno likishatoka, na nani atakayeumia likiaminiwa.

Washairi nao wasijitoe. Kijana hukataliwa barazani kwa kukosa ukoo wa watunzi, shairi lake halijasikilizwa. Asomaye Kinjeketile aanze kwa kusikiliza neno, kisha ndipo aulize umri wa msemaji.