Pongezi kwa Wapimaji wa Vihisi

Nawapongeza mafundi ambao kazi yao ni kukihoji kihisi: unaona vitu viwili, au kimoja? Huweka viakisi viwili vya chuma vyenye umbo la kona mbele ya rada, kisha huvisogeza taratibu mpaka viungane kwenye skrini. Nafasi iliyobaki kabla havijaungana ndiyo uwezo wa kweli wa chombo. Rada ya gari ya gigahezi 77, ikitumia upana wa bendi wa gigahezi 1, hutenganisha vitu vinavyofuatana kwa sentimita 15 hivi. Vikiwa sambamba, huvichanganya zaidi. Hapo lida hushinda kwa mwali wake mwembamba wa leza, ingawa vumbi huisumbua.

Kipimo ninachokiheshimu kuliko vyote ni cha vitu visivyolingana, lori lenye mwangwi mkubwa na baiskeli ubavuni mwake. Kwenye barabara ya Lubumbashi kwenda Lukafu, wakati wa kiangazi, mbeba makaa juu ya baiskeli hupitwa na lori karibu mno. Mwangwi mdogo wa baiskeli haufai kumezwa na ule wa lori. Natamani sana wapimaji wafanye jaribio hilo huku, mwezi wa Agosti, ndani ya vumbi jekundu.