Waraka wa Luther wa 1524 na Makabati Matatu ya Mlali

Katika mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji yote ya Ujerumani waraka wa kuwahimiza wafungue na kutunza shule za Kikristo. Vyuoni mwetu waraka huo husomwa kwa ajili ya mafundisho yake juu ya malezi ya vijana na juu ya lugha za Biblia. Kurasa zake za mwisho, ambazo zahusu maktaba, hupitwa haraka, au hazifikiwi kabisa kwa kuwa kengele ya kipindi imekwisha kulia. Sisi tumezirudia kwa sababu ya kazi tuliyopewa huko Mlali. Makala haya ni uhakiki wa kurasa hizo chache: twataka kupima kama kanuni anayoitoa Luther yaweza kumfaa mtumishi wa nchi yetu anayelazimika kuchagua vitabu vya kubaki navyo na vitabu vya kuachana navyo.

Mlali iko chini ya Milima ya Uluguru, upande wa magharibi, katika Wilaya ya Mvomero. Msafiri atokaye Morogoro huiacha barabara kuu ya Iringa pale Sangasanga, akaelekea milimani, na njiani hupishana na magari yanayoteremsha mboga kutoka Mgeta. Mchungaji mmoja mstaafu aliyejenga hapo alikuwa akihamia mjini kwa binti yake, ambako alitengewa chumba kimoja. Alikuwa na makabati matatu ya vitabu, na chumba hicho kingeweza kupokea moja tu. Alituita tukamsaidie. Tulipofika alitukaribisha uji, kisha akatuambia, "Wanangu, chagueni ninyi. Mimi nikikishika kila kimoja naona ni mtoto wangu."

Luther hakuwa na huruma ya namna hiyo. Katika waraka ule awahimiza madiwani wasibanie fedha wala jitihada ili wapate maktaba njema, hasa katika miji mikubwa. Lakini palepale aonya kwamba haifai kurundika kila kitabu kinachopatikana bila kuchagua, kana kwamba sifa ya maktaba ni wingi wake. Kisha ataja utaratibu. Kwanza Maandiko Matakatifu, kwa Kilatini, Kiyunani, Kiebrania, Kijerumani na lugha nyinginezo. Baadaye wafasiri walio bora na wa kale. Halafu vitabu vya kujifunzia lugha, na humo awaruhusu washairi na wasemaji wa kipagani bila kusitasita. Baada ya hivyo vyaja vitabu vya elimu mbalimbali, vya sheria na vya uganga. Mwishowe, kwa mkazo mkubwa kuliko tulivyotazamia, vitabu vya historia, kwa lugha yoyote ile. Vilivyobaki, yaani maelfu ya maswali ya wanafalsafa na mahubiri ya watawa, aviita mavi ya punda, na asema kwamba vilivisukuma nje vitabu vya kweli katika shule na nyumba za watawa.

Tukubali kwanza kwamba kanuni hii ina nguvu. Tulipoanza na kabati la kwanza ilitusaidia sana. Mle mlikuwa na vitabu vingi vilivyofika kwa makontena kutoka ng'ambo, zawadi za sharika rafiki: mashauri juu ya kuegesha magari ya waumini siku ya Jumapili, miongozo ya kambi za vijana kwenye theluji, nakala nne za kitabu kimoja kuhusu kukuza usharika wa kitongoji cha Marekani. Waliovituma walikuwa na nia njema. Hata hivyo ni lazima tuseme wazi jambo ambalo kwa adabu tumelinyamazia miaka mingi: vitabu vingi vya zawadi ni vile ambavyo mwenye navyo alikuwa amekwisha kuamua kuviondoa nyumbani kwake. Uamuzi wake wa kuondoa umehamishiwa kwetu, pamoja na gharama ya ushuru na ya kabati. Kabati hilo lilikwisha kwa muda wa asubuhi moja.

Vitabu vya Mbiti na vya Askofu Kibira havikuhitaji mjadala. Kitabu cha Kibira juu ya kanisa na ukoo, kilichochapwa Lund mwaka 1974, kilikuwa kimelegea jalada kwa kusomwa, na hiyo yatosha.

Ugumu ulianza kwenye kabati la pili, na hapo ndipo tulipotambua upungufu wa kwanza wa waraka. Miongoni mwa vitabu ambavyo Luther avitaja kwa dharau kimo kimoja kiitwacho Dormi secure, maana yake "Lala bila wasiwasi". Kilikuwa mkusanyo wa mahubiri yaliyokwisha kutungwa, ili padri alale usingizi Jumamosi na asubuhi asome. Nasi tulikuta rafu nzima ya vitabu vya aina hiyo kwa Kiswahili: mahubiri ya mwaka mzima, mifano tayari, pointi tatu kwa kila somo. Kijana mmoja tuliyekuwa naye alikwisha kuanza kuvipanga mlangoni. Mzee akamzuia kwa mkono, akauliza, "Na wainjilisti wa huko juu watahubiri nini?"

Swali hilo halina jibu katika waraka wa 1524, lakini lina jibu katika matendo ya Luther mwenyewe. Miaka miwili kabla ya waraka, yaani 1522, yatolewa sehemu ya kwanza ya mahubiri aliyoyaandika Wartburg kwa ajili ya wahubiri. Na mwaka 1526, alipotengeneza ibada ya Kijerumani, ashauri kwamba mahali pasipo na mhubiri mwenye uwezo yasomwe mahubiri yaliyoandikwa. Baada ya ukaguzi wa sharika alishtushwa na hali ya wachungaji wasiojua hata kufundisha Baba Yetu, na mwaka 1529 akawaandikia Katekisimo. Basi Luther aliyewaandikia madiwani aliwaza juu ya miji yenye shule; Luther aliyetembelea vijiji alijua kwamba mtu mwenye njaa haulizwi kama chakula kimepikwa kwa ufundi. Mwinjilisti anayepanda mlima kwa miguu ili ahudumie mitaa miwili au mitatu, baada ya kupalilia nyanya zake, hana saa za kupekua ufafanuzi wa Kiyunani. Kwetu sisi tuliosoma vyuoni, vitabu vile ni mto wa kulalia. Kwake ni fimbo ya kupandia mlima. Tuliviondoa kwa mzee, lakini tuliviondoa kwa kuvipeleka juu.

Upungufu wa pili ni mzito zaidi. Luther achukulia kwamba kitabu kibaya kikitupwa, hakuna kinachopotea. Aliishi karibu na mitambo ya kuchapa. Kitabu kilichohitajika kingeweza kuchapwa tena baada ya majuma machache. Mwaka uliofuata, katika Vita vya Wakulima vya 1525, nyumba nyingi za watawa ziliporwa, na maktaba zake zikachomwa au kutawanywa. Hatusemi kwamba waraka ndio uliosababisha. Wakulima walikuwa na manung'uniko yao, nayo yalikuwa ya haki katika mengi. Twasema tu kwamba mtu akiita kitu mavi, asishangae wengine wakikishughulikia kama mavi. Katika nchi yetu, ambako karatasi huliwa na mchwa, na kurasa za kitabu kilichouzwa kwa kilo hufungiwa karanga, nakala iliyo mkononi yaweza kuwa ndiyo pekee katika wilaya. Hapa thamani ya yaliyomo si kipimo pekee. Yapasa kuuliza pia: kikitoka hapa, kitapatikana wapi?

Tulilitambua hilo kwa aibu. Katika kabati hilohilo mlikuwa na mafungu ya karatasi zilizoshonwa kwa uzi, za Kijerumani, kwa zile herufi za kale ambazo hata wajuao lugha huzisoma kwa shida. Mzee hajui Kijerumani. Alizirithi kutoka kwa mtangulizi wake, naye vilevile alizirithi. Tulikuwa tumeziandikia alama ya kuondoka. Jioni mwenzetu mmoja alizifungua, akaona jina la Klamroth. Martin Klamroth alikuwa mmisionari wa Misioni ya Berlin, na kati ya 1910 na 1913 alichapisha katika jarida la lugha za makoloni maelezo marefu ya imani za Wazaramo. Humo mna habari za Kolelo, ambaye pango lake liko Uluguru na ambaye watu wa mabondeni walimwendea kwa ajili ya mvua na mazao. Mchungaji wa Mlali atakayetaka kujua waumini wake wanasema nini kwa kunong'ona mvua zinapochelewa, habari za kale ataanzia hapo. Tungezitupa kwa sababu hatukuweza kuzisoma. Na kutoweza kusoma ni kasoro ya msomaji, si ya kitabu.

Jirani ya karatasi hizo palikuwa na kitabu cha Young na Fosbrooke juu ya ardhi na siasa miongoni mwa Waluguru, kilichotolewa mwaka 1960. Chaeleza mpango wa serikali ya kikoloni wa kuwalazimisha watu kuchimba matuta milimani, na ghasia zilizozuka mwaka 1955. Si kitabu cha theolojia. Hata hivyo, kwa kanuni ya Luther juu ya historia, chastahili kukaa karibu na Biblia. Katika waraka alalamika kwamba Wajerumani hawakuandika habari zao wenyewe, na kwa hiyo mataifa mengine huwaona kama wanyama wasiojua ila kupigana, kula na kunywa. Hatujasoma mahali pengine katika maandiko yake maneno yanayotugusa Waafrika kwa karibu kiasi hicho. Yule aliyetaka historia iwe miongoni mwa vitabu vya kwanza alikuwa mtu wa taifa lililoandikwa na wengine.

Sasa tuje kwenye Biblia, kwa maana Luther azitanguliza, naye mzee alikuwa nazo sita. Biblia ya Karl Roehl, ambayo Agano Jipya lake lilitoka 1930 na Biblia nzima 1937, ilichapwa Stuttgart. Roehl alikusudia kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu na kutumia yale ya Kibantu kadiri ilivyowezekana. Walutheri wengi walilelewa nayo. Ilipotoka Biblia ya Muungano mwaka 1952, ile ya Roehl ilianza kutoweka mimbarani, na kwa haki, kwa kuwa umoja wa lugha ya ibada kati ya makanisa ulikuwa na faida kubwa kuliko upendeleo wa misioni moja. Baadaye ikaja Habari Njema. Je, ya Roehl iondoke? Kijana wetu alisema ipo kwenye intaneti na kila mtu aweza kuifungua kwenye simu. Ni kweli, na twashukuru. Lakini nakala ya mzee ilikuwa na maandishi ya penseli pembeni, mstari kwa mstari, ya mtu aliyekuwa akiilinganisha na ile ya Muungano na kuchagua neno la kuhubiria. Hayo hayapo kwenye simu. Kwa upande mwingine, nakala tatu za Biblia ya Muungano zilizofanana tulizitoa bila huzuni.

Kuondoa si lazima kuwe kupoteza. Mazimbu, Morogoro, palikuwa na Chuo cha Solomon Mahlangu cha wapigania uhuru wa Afrika Kusini. Walipoondoka mwaka 1992 majengo yakabaki kwa Watanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine; lakini kumbukumbu za chuo zilikwenda na wenyewe, zikawekwa Chuo Kikuu cha Fort Hare. Walijua kipi ni nyumba na kipi ni kumbukumbu. Naye Paulo alipokuwa kifungoni alimwomba Timotheo amletee joho na vile vitabu, hasa vya ngozi (2 Tim. 4:13), huenda hata yeye alikuwa ameacha vingine Troa asivyovihitaji tena.

Kabati la tatu halikuwa na vitabu vilivyochapwa. Lilikuwa na madaftari ya shule, yenye mahubiri ya mzee ya zaidi ya miaka thelathini. Kabla hatujagusa kitu alisema kwamba hayo yatachomwa. Tulipinga. Tulimkumbusha mfalme Yehoyakimu aliyekikata kitabu cha Yeremia na kukitupa motoni (Yer. 36). Alicheka, akasema yeye si mfalme wala si Yeremia. Ndipo tukamtajia barua ya Luther kwa Capito ya mwaka 1537, ambamo asema hana haja na vitabu vyake, na kwamba angependa avile kama Saturno alivyowala watoto wake, isipokuwa kile juu ya utumwa wa hiari na Katekisimo. Hata hivyo mwaka 1539 juzuu ya kwanza ya maandiko yake ya Kijerumani ilitoka Wittenberg, naye akaiandikia dibaji. Tulidhani tumeshinda.

Mzee alichukua daftari moja, akalifungua, akatuonyesha kwa mbali. Lilikuwa la mahubiri ya mazishi. Pembeni alikuwa ameandika, kwa ajili ya kumbukumbu yake, yale ambayo marehemu au jamaa zao walimwambia kabla ya kifo: madeni, watoto wasiojulikana, ugomvi wa mashamba. "Haya," alisema, "sikupewa mimi niyaache kwenye kabati."

Waraka wa 1524 hauna neno juu ya jambo hili, wala hatukuweza kulipata katika kanuni zozote za maktaba tulizozijua. Kitabu kinaweza kuwa cha pekee, cha kweli, cha historia, na bado kisiwe chetu cha kutunza. Siri ya maungamo humfunga mchungaji hata katika karatasi zake. Tuliketi naye siku mbili tukitenga madaftari. Ya mazishi na ya ziara za wagonjwa yakawa upande mmoja, ya Jumapili upande mwingine. Yalikuwa kumi na saba ya upande wa kwanza. Aliyachoma mwenyewe nyuma ya jiko, moja moja, akisubiri kila moja liishe kabla ya kutia jingine. Ya Jumapili yaliingia katika kabati alilokwenda nalo mjini, chini ya Biblia ya Roehl na karatasi za Klamroth.

Wainjilisti walikuja Jumamosi kuchukua vitabu vya mahubiri. Mmoja wao aliuliza kama tuna kingine juu ya mvua.