Mateso, Huzuni au Uchungu? Jina la Mama wa Kibeho katika Kiswahili

Walimu wenzetu wanaofundisha Kiswahili nchini Rwanda wanajua kwamba maswali magumu hayatoki katika kitabu cha sarufi. Muhula mmoja, katika darasa letu la jioni la watu wazima, tulikuwa tukipitia majina ya sala, kwa kuwa wanafunzi kadhaa walijiandaa kwenda kuhiji Kibeho, ambako hukutana na mahujaji wa Tanzania, Kongo na Burundi. Mama mmoja wa makamo akauliza Kiswahili cha ububabare. Tukamjibu upesi, kwa mazoea ya vijitabu vya sala: mateso. Basi ishapule y'ububabare burindwi ni Rozari ya Mateso Saba. Aliandika, kisha akainua kichwa: "Mwalimu, mtoto alipopotea Hekaluni, ni nani aliyemtesa mama yake?"

Hatukuwa na jibu. Makala haya yametokana na kukosa jibu huko.

Kwa ajili ya wasomaji walio mbali, Kibeho iko kusini mwa Rwanda. Tarehe 28 Novemba 1981 mwanafunzi wa shule ya sekondari ya wasichana, Alphonsine Mumureke, alisema amemwona Bikira Maria. Mwaka 1982 wenzake Nathalie Mukamazimpaka na Marie Claire Mukangango walisema vivyo hivyo, na Marie Claire ndiye aliyesema ametumwa kueneza rozari hii tunayoizungumzia. Rozari yenyewe ni ya kale kuliko Kibeho. Mapokeo yake yanahusishwa na Watumishi wa Maria, shirika lililoanzishwa Firenze mwaka 1233. Ina mafungu saba, kila fungu Baba Yetu moja na Salamu Maria saba: utabiri wa Simeoni, kukimbilia Misri, kupotea kwa mtoto Yerusalemu, kukutana naye katika njia ya msalaba, kusimama chini ya msalaba, kuupokea mwili, na maziko. Sikukuu yake ni tarehe 15 Septemba. Mwezi Aprili 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, maelfu ya waliokimbilia kanisa la parokia ya Kibeho waliuawa. Marie Claire naye aliuawa mwaka huo. Askofu Augustin Misago wa Gikongoro aliukubali rasmi ushuhuda wa wasichana hao watatu tarehe 29 Juni 2001.

Sasa turudi kwenye neno. Mateso yanatokana na kutesa, na anayeteswa sharti awe na mtesi. Chini ya msalaba watesi wapo, hata majina ya baadhi yao twayajua. Lakini Simeoni hakuwa mtesi. Alikuwa mzee aliyesema aliyofunuliwa. Katika fungu la tatu mtoto alibaki Hekaluni kwa hiari yake, na mama alitafuta siku tatu. Zaidi ya hayo, Wakatoliki waitumiapo lugha hii hutumia Mateso hasa kwa yale ya Bwana mwenyewe, yanayosomwa Ijumaa Kuu. Watetezi wa neno hili watasema kwamba ndiyo makusudi: mama na mwana washiriki jina moja. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, msomaji mgeni akisikia Mama wa Mateso asidhani kuwa ndiye mama anayetesa? Mwanafunzi wetu mmoja alidhani hivyo, wala hakuwa mjinga.

Huzuni haikosi usahihi, ila ni nyepesi. Ni neno la matangazo ya vifo redioni. Mtu aweza kuwa na huzuni kwa sababu mvua imeharibu arusi.

Kitenzi kubabara cha Kinyarwanda hakimdai mtesi. Mtu hubabara jino, naye hubabara kwa kufiwa, na neno halibadiliki. Katika Kiswahili, linalokaribia upana huo ni uchungu. Twasema uchungu wa jeraha, uchungu wa shubiri ulimini, mama ameshikwa na uchungu yaani yu karibu kujifungua; na wahenga wakasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hakuna neno jingine la Kiswahili linalomweka mama katikati namna hii.

Katekista mmoja rafiki yetu alipinga. Alisema mapokeo yafundisha kwamba Maria alijifungua bila utungu, hivyo neno hili litawachanganya waamini. Tulimkumbusha Yohane wa Damasko, aliyeandika katika karne ya 8 kwamba maumivu aliyoepushwa nayo alipozaa, Maria aliyapata mwanawe alipokufa. Mwanateolojia huyo alihitaji sentensi nzima. Kiswahili kinayo maana zote mbili katika neno moja, nasi tumeliacha ghalani.

Lipo jambo zito kuliko usanifu wa tafsiri. Mke anayepigwa nyumbani huambiwa na shangazi, na pengine na viongozi wa jumuiya: vumilia mateso kama Mama Maria. Tumeyasikia haya kwa masikio yetu. Mateso yakishafanywa jina la heshima, mtesi naye hupata pa kujificha, kana kwamba kipigo chake ni sehemu ya sala. Wanaosema hivyo hawajaisoma rozari wanayoishika. Fungu la pili ni la mama aliyeondoka usiku na mtoto wake, akavuka mpaka, kwa sababu mwenye nguvu alitaka kuua. Katika nchi zetu hizi wanawake wangapi wamevuka mipaka na mtoto mgongoni? Fungu hilo halisemi vumilia. Na Hekaluni Maria hakunyamaza, alimwuliza mwanawe kwa nini amewatendea hivyo.

Tusidhani kwamba kubadili neno kutabadili nyumba hizo. Lakini mwalimu anawajibika kwa neno analoliweka kinywani mwa mwanafunzi, hasa tangu mwaka 2017, Bunge la Rwanda lilipopitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Hapa kwetu mitego ni mingi. Mama wa Kibeho alijitambulisha kwa jina Nyina wa Jambo, na wanafunzi hulitafsiri Mama wa Jambo, wakidhani neno ni lilelile. Ijambo la Kinyarwanda ni neno. Sharti tuseme Mama wa Neno.

Ugumu uliobaki ni wa hesabu. Mateso saba yahesabika bila taabu. Uchungu, kwa sarufi tuliyofundishwa chuoni, hauna wingi. Watu husema machungu ya maisha, na baadhi yetu hukunja uso. Kwa maoni yetu, wingi huo umekwisha kukomaa vinywani mwa watu.

Yule mama hakutueleza kamwe kwa nini alichagua fungu la tatu, nasi hatukumwuliza. Mwisho wa muhula alituletea daftari lisahihishwe. Alikuwa ameifuta Mateso na kuandika juu yake, kwa kalamu ya risasi, Rozari ya Machungu Saba. Tulisahihisha herufi kubwa mbili katika ukurasa huo, neno hilo tukaliacha.